Daftari la Sahihi Mbili

Nyinyi vijana mna raha moja ambayo naionea wivu, na bora niiseme mapema kabla hamjanisingizia uzee. Simu inakuuliza kama uko tayari kupokea mfumo mpya, unabonyeza ndiyo, unakwenda kuoga. Ukitoka bafuni mambo yameisha. Kama kuna programu imegoma, unalalamika kidogo, unapakua nyingine. Hakuna mtu anayehamishwa kazi kwa ajili hiyo, wala hakuna kijiji kinachopanda mahindi yasiyo yake.

Mimi nilianza kazi ya kompyuta hapa Morogoro miaka ya mwishomwisho ya Ujamaa, wakati sabuni ilipatikana kwa foleni na mafuta ya gari kwa kibali. Mtaani wananiita fundi. Wanakuja na kompyuta zao za mapajani wananiuliza, mzee Damasi, nipandishe mfumo au nisipandishe? Nawajibu vizuri, wanashukuru, wanaondoka. Hawajui kwamba karibu kila neno ninalowaambia si langu. Ni la mwanamke mmoja niliyemzidi umri kwa miaka saba, niliyemwonea wivu tangu siku ya kwanza, na ambaye nilimtendea ubaya. Ushauri wa kazi mnaoutaka umo ndani ya habari hiyo, kwa hiyo nivumilieni.

Ofisi yetu ilikuwa ya mradi wa mbegu. Mbegu zilipimwa kwanza kama zinaota, kisha kila aina ikapangiwa kijiji chake: mpunga kwa watu wa Dakawa, mahindi ya joto kwa tambarare, mahindi ya baridi kwa sisi watu wa milimani. Kabla ya kompyuta, hesabu yote ya kipi kiende wapi ilikuwa kwenye kadi, na kadi zilikuwa zangu. Nilikuwa na makabati manne. Ukinitajia kijiji chochote cha Uluguru, nakutolea kadi yake nikiwa naongea na mtu mwingine. Meneja, mtu wa Songea, mkali lakini wa haki, alikuwa akileta wageni waone. Ananiambia, "Ndugu Damasi, toa Kinole," nami natoa Kinole. Wageni wanatikisa vichwa. Nilizipenda sana siku hizo.

Halafu wafadhili wakaleta mashine. Ilikuja na mtaalamu wa Kizungu wa miezi mitatu, kitambaa cha kuifunika, na masharti. Sharti la kwanza ni kuvua viatu mlangoni, maana vumbi la Morogoro lingeua diski. Mtaalamu akasema anahitaji watu wawili wa kufundisha. Nilijua wa kwanza ni mimi. Kumbe wa kwanza alikuwa Zainabu, mpiga chapa wa masijala, binti wa Mwembesongo, na mimi nikawa wa pili. Sababu aliyoitoa ni kwamba Zainabu huuliza maswali, na mimi huitikia tu. Ilikuwa kweli, na niliichukia.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja, hasa nyinyi mliozaliwa mjini. Mimi ni Mluguru wa Mgeta, Mkatoliki. Zainabu naye ni Mluguru, lakini wao ni Waislamu wa mjini siku nyingi. Dini hazihusiani na habari hii. Kinachohusika ni kwamba ukoo wa mama yake na ukoo wa mama yangu ni watani tangu mababu. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya bosi wako na usikasirike. Anaweza kuchukua kofia yako akaivaa na huruhusiwi kumnyang'anya. Ukifiwa, mtani ndiye anayechimba kaburi, na ndiye anayewachekesha waombolezaji mpaka wanayasahau machozi yao. Basi mimi na Zainabu tulikuwa tukitukanana tangu saa ya kuripoti.

"Shikamoo mtani," ananiambia asubuhi, mikono kiunoni. "Leo umeshukaje mlimani? Mguu ule mfupi haujambo?"

"Marahaba. Nimeshuka kwa harufu ya samaki wenu wakavu. Nimefumba macho tu, nikafika."

"Vua viatu uingie. Ukizoea kuvua viatu mlangoni, mwaka kesho tunakusilimisha."

Ofisi nzima inacheka. Meneja peke yake hakucheka, si kwa ubaya, ila kwao Songea utani wa koo za Waluguru hakuujua. Mara kwa mara alitoka ofisini kwake mbio akidhani tunapigana.

Kitu kimoja nilikijua ambacho wengine hawakukijua. Zainabu akiwa anatania, aliniita mtani. Akiwa na jambo la kweli, aliniita kaka Damasi. Hakukosea hata mara moja. Likumbukeni hilo.

Sasa kazi yenyewe. Ile mashine ilikuwa na vidirisha viwili vya kuingizia diski. Diski zilikuwa laini, nyembamba, ukiikunja imekufa. Diski moja ilikuwa na mfumo endeshi, yaani ule mfumo unaoiamsha mashine na kuiambia ni mashine. Nyingine zilikuwa na programu na orodha zetu. Mtaalamu alipoondoka alituachia diski ya mfumo moja tu, maana diski tupu zilikuwa adimu kuliko sukari.

Baada ya miezi michache wafadhili walituma marekebisho madogo ya mfumo kwa posta. Zainabu alikuwa likizo ya siku mbili, nikayaingiza mimi. Mashine ikawaka vizuri. Programu ya mbegu ikafunguka vizuri. Nikajipigia makofi. Jioni nikatuma orodha ya vijiji kwenye printa, na printa ikachapa mistari yote juu ya mstari mmoja, vijiji themanini katika mstari mmoja mweusi, hadi karatasi ikatoboka. Zainabu aliporudi kazini aliiinua ile karatasi dirishani, akachungulia kwenye tundu.

"Mtani, naiona Mgeta yote kutokea hapa," akasema.

Nilicheka na wenzangu. Usiku wake sikulala kwa hasira. Lakini kuanzia hapo ndipo alipoanzisha lile daftari.

Lilikuwa daftari la kawaida la shule, jalada la kijani, kalivika gazeti. Kabla ya kubadili chochote kwenye mfumo, aliandika kila programu tuliyokuwa nayo, hata ile ya kupiga barua. Mbele ya kila moja aliandika inadai nini: mfumo wa aina gani, diski za aina gani, printa gani. Akichukua kitabu cha maelekezo alikisoma mpaka kurasa za mwisho zenye herufi ndogo, zile ambazo mimi nilidhani ziliwekwa kwa ajili ya kunenepesha kitabu. Kisha alitengeneza nakala, na mfumo mpya alijaribu kwenye nakala tu, kamwe si kwenye diski ya kazi. Na hakujaribu kwa kuangalia kama programu inafunguka. "Kufunguka hata mlango wa choo unafunguka," alikuwa akisema. Alichukua orodha ya msimu uliopita, akaichapa upya kwa mfumo mpya, akaweka karatasi mbili sambamba mezani, akapitisha rula mstari kwa mstari. Ikitofautiana hata koma, aliandika "Bado."

Halafu sahihi mbili. Aliyejaribu anaweka ya kwanza, aliyeshuhudia anaweka ya pili. Ya pili ilikuwa yangu. Kila nilipoiweka nilihisi kama naandika mahali pangu duniani.

Jambo la mwisho kwenye utaratibu wake lilikuwa njia ya kurudi. Alihangaika huku na huko akapata diski moja tupu, akanakili mfumo wa zamani, na nakala hiyo akasema isikae nyumba moja na mashine. Bati la ofisi lilivuja, na moto nao haupigi hodi. Akaipeleka kwao Mwembesongo, ndani ya kopo la biskuti lenye mchele wa kunyonya unyevu. Akaliandika hilo kwenye daftari pia: nakala iko nyumbani kwa Zainabu, nje ya ofisi, kwa usalama. Sahihi yake. Sahihi yangu chini yake.

Vijana, mkifanya hayo manne hamtapata aibu: jua kila programu inadai nini, jaribu kwenye nakala, linganisha kazi halisi, na weka njia ya kurudi nje ya nyumba. Mimi niliyajua yote. Kujua hakukunisaidia.

Maana wivu ulikuwa umeanza kunila. Zainabu alipelekwa Dar es Salaam kwenye mafunzo ya wiki mbili, akarudi na cheti ambacho Meneja alikitundika ukutani mwenyewe. Wageni walipokuja hawakuletwa tena kwenye kadi zangu. Waliletwa kwake. "Ndugu Zainabu, toa Kinole," nayo Kinole inatoka ikiwa imechapwa. Kadi zangu zilihamishiwa stoo, na siku moja niliwakuta wafagizi wamefungia karanga kwa kadi ya kijiji chetu. Sikumwambia mtu. Nilinunua karanga zile zote.

Basi karibu na masika mfumo mpya kabisa ukafika kwa posta, diski mbili zenye nembo ya kung'aa. Wakati huohuo tuliambiwa mgeni mkubwa wa wizara atakuja Jumatano, na Meneja akataka aonyeshwe mfumo mpya. Jumatatu tukajaribu kwenye nakala, mimi na Zainabu. Programu ya barua ilikubali. Programu ya mbegu ilikataa. Mfumo mpya ulipanga diski kwa namna yake, na orodha zetu za zamani haukuweza kuzisoma. Zainabu akaandika, nami naona mpaka leo mwandiko ule ulioegemea kulia: "Programu ya mbegu: Bado. Haisomi orodha zetu. Usiguse diski ya kazi." Akasaini. Nikasaini.

Saa nane mchana ukaja ujumbe kutoka Kinole kwamba mjomba wa Zainabu amefariki. Kwa Waluguru mjomba si mtu mdogo. Ndiye mwenye ukoo. Ilibidi aondoke mara moja. Meneja alikuwa Dar, atarudi kesho yake. Zainabu akafunga mtandio, akaja mezani kwangu watu wote wakiwapo.

"Kaka Damasi," akasema, "mgeni akija mwonyesheni mfumo wa zamani. Ule mpya usiuweke. Lori la milimani linaondoka Alhamisi, na orodha yake bado haijachapwa. Tafadhali."

Kaka Damasi. Nilisikia vizuri. Na mimi, kwa kuwa watu walikuwa wanatutazama wakingoja kucheka, nikasema kwa sauti, "Nenda kalie salama, mtani. Unaogopa nitakalia kiti chako nikakuta bado kina moto?"

Wakacheka. Yeye hakucheka. Akaenda kuwahi gari.

Meneja alirudi Jumanne jioni, akanikuta mlangoni nikivaa viatu.

"Mfumo mpya vipi? Zainabu kasemaje?"

Swali fupi. Ningejibu "Kasema bado," leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini niliwaza yule mgeni, nikawaza nikiambiwa tena "Ndugu Damasi, toa Kinole." Niliwaza pia kwamba Zainabu anakuza mambo ili siri ibaki kwake, na kwamba mtu mwenye akili angeweza kupata njia.

"Aah, yule mtani wangu," nikasema. "Alisema tusiguse, lakini mbele ya watu wote, kwa utani wetu ule. Hakuna tatizo."

Meneja, mtu wa Songea, akakubali. Angejuaje?

Asubuhi niliweka mfumo mpya juu ya diski ya mfumo wa zamani. Ile ile moja. Mgeni alikuja, akaona barua ikiandikwa na herufi zikikolea, akanishika mkono, akaniuliza jina. Nusu saa nilikuwa mtu. Alipoondoka nikafungua programu ya mbegu ili nichape orodha ya lori, ikakataa. Nikabadilisha diski, ikakataa. Nilikaa pale nikizitoa na kuziingiza diski hadi watu wakaanza kuondoka. Orodha zilikuwa salama mkononi mwangu, kila kijiji na mbegu yake, na hapakuwa na kitu chochote ofisini cha kuzisoma, maana nakala ya majaribio nayo ilishawekewa mfumo mpya. Nilikumbuka kopo la biskuti la Mwembesongo. Ningeweza kutembea nusu saa, nikapiga hodi kwa mama yake, nikaomba. Lakini ningeomba nini bila kusema nilichofanya? Sikwenda.

Alhamisi lori likaondoka, maana kibali cha mafuta kilikuwa cha siku ile tu. Mbegu zilipakiwa kwa kumbukumbu ya mtunza ghala na kwa kukisia. Kadi zangu zingetuokoa, lakini nyingi zilishafungiwa karanga.

Zainabu alirudi Jumamosi, macho yamevimba kwa msiba. Akasikiliza, akaenda kwao, akarudi na kopo. Kabla ya adhuhuri mashine ilikuwa kwenye mfumo wa zamani na orodha ikawa inachapwa. Hakunitania hata mara moja. Hilo lilinichoma kuliko matusi yote aliyowahi kunipa, na bado, aminini msiamini, nilipomwona akiyarudisha yote kwa asubuhi moja, nilichokisikia kwanza si aibu. Ni wivu.

Malalamiko yalipoanza kushuka kutoka milimani, kikaitwa kikao. Zainabu akasema alikataza. Mtu mmoja akasema ni kweli tulimsikia, lakini si walikuwa wanataniana? Wengine wakasema wale wawili hutaniana siku zote. Meneja akashika kichwa. "Hivi nyinyi watu wa hapa mtu atajuaje mnaposema kweli?"

"Liko daftari," Zainabu akasema. "Nimeandika, na ndugu Damasi amesaini."

Daftari likatafutwa kwenye droo, halikuwapo. Nililichukua Jumatano ile ile jioni. Lilikuwa limelala chini ya godoro langu.

Kisha mtu mwingine akauliza lile kopo limetoka wapi. Diski ya ofisi, mali ya umma, imekaa nyumbani kwa mtu kwa ruhusa ya nani? Zainabu akasema tulikubaliana, na hilo nalo limo kwenye daftari. Wote wakanigeukia.

"Mimi sikumbuki," nikasema.

Zainabu alihamishiwa ghala la Turiani, kupanga magunia. Cheti kikashushwa ukutani. Mimi nikapewa kiti.

Mwaka ule nilipanda nyumbani Mgeta kumwona mama. Alinipeleka shambani, akasimama katikati ya mahindi yaliyomfika kiunoni wakati yalipaswa kumpita kichwa. Yalikuwa mahindi ya joto.

"Haya yamekuja kutembea tu," akasema. "Nani huko kwenu aliyetuletea?"

"Kuna binti mmoja wa Mwembesongo," nikamjibu. "Alikosea."

Mama akasema Mungu amsamehe.

Kiti hakikunipa raha. Sikujua kufanya lolote bila lile daftari. Mfumo ukibadilika, nalifungua kwa siri, nafuata mistari yake. Sikuthubutu kuliacha ofisini wala nyumbani, kwa hiyo nililiweka kwenye mkoba wangu wa ngozi, na mkoba haukutoka begani. Wageni walinisifu kwa uangalifu. Kila nikisifiwa nilijua anayesifiwa ni nani, na nilimwonea wivu mtu aliyekuwa akipanga magunia Turiani.

Masika mawili baadaye mama akafariki. Habari ilinikuta ofisini, nikapanda moja kwa moja. Siku ya mazishi wenzangu walikuja na lori, Meneja akiwa amekaa mbele na dereva. Na kutoka Turiani, baada ya kulala njiani, akaja Zainabu. Angeweza kutokuja. Lakini mama yangu ni wa ukoo wa watani wake, na mtani haachi msiba.

Alifanya kazi yake vizuri. Aliziba njia ya kaburini kwa mpini wa jembe, akavaa kofia ya mjomba wangu, akaigiza mama yangu anavyokemea mbuzi hadi dada zangu wakacheka huku wanalia. Nami nilikuwa nimeshika upande mmoja wa jeneza, mkoba begani.

"Ngojeni kwanza!" akapaza sauti. "Hamwoni hili? Huyu mtani wangu amefiwa na mama au amefiwa na mkoba? Mfiwa gani anabeba jeneza na mkoba?"

Watu wakaangua kicheko.

"Mtani, nakuomba," nikasema.

"Anaomba! Basi kuna kuku humo. Leteni, naukamata. Mpaka ukombolewe, marehemu hapiti."

Ni haki yake. Mtani akishika kitu chako msibani huwezi kumzuia, na mikono yangu ilikuwa na jeneza. Akauvua begani mwangu, akaufungua mbele ya watu, akaingiza mkono huku akiwatolea macho watoto. Akatoa kitana, wakacheka. Akatoa kipande cha muhogo, wakacheka zaidi. Akatoa daftari la kijani lililovikwa gazeti.

Nilimwona anavyolitambua. Vidole vyake vililijua kabla ya macho. Watu waliendelea kucheka, wakidhani ni sehemu ya mchezo, wakimwambia asome, asome. Alilifungua. Alipitisha kurasa zake, akaingia kwenye kurasa nilizoongeza mimi kwa kuiga mwandiko wake ulioegemea kulia, akarudi nyuma hadi akapata alichokitaka. Kisha akaenda alipokuwa Meneja, akampa likiwa wazi.

Meneja alivaa miwani. Alisoma, kidole kikifuata mstari. Akafungua ukurasa wa kabla ya ule, wa kopo la biskuti, akausoma nao. Akavua miwani, akanitazama mimi niliyeshika jeneza la mama yangu. Akalifunga daftari, akaliweka kwapani, maana alikuwa mtu wa haki na palikuwa msibani. Pembeni yangu mjomba bado alikuwa anacheka.

Zainabu akauondoa mpini wa jembe njiani. Akanirudishia mkoba begani kwa mikono yake, akaunyoosha mkanda usinikabe.

"Pole kwa msiba, kaka Damasi," akasema.

Akatupisha tukapita.

Mwezi uliofuata alirudi Morogoro, cheti kikarudi ukutani. Meneja aliniita akaniambia ningeweza kufukuzwa, ila kuna mtu ameniombea, na sikuuliza ni nani. Nilifanya kazi chini ya Zainabu hadi tulipozeeka wote wawili. Mashine zilibadilika, diski zikawa ngumu kisha zikatoweka, yeye akapandishwa na kupelekwa hadi ng'ambo mara mbili, na mimi niliweka sahihi ya pili. Aliendelea kunitukana kila asubuhi mlangoni, mguu ule mfupi na yote. Msidhani wivu uliisha. Ulibadilika tu mahali pa kukaa: zamani nilikionea wivu kiti chake, siku hizi nauonea wivu moyo wake, na huo hakuna kikao kitakachonipa.

Daftari liko kwake Mwembesongo. Vijana wakiniletea swali gumu naenda kumsalimu, ananiwekea kiti barazani na chai, ananipa nilisome nitakavyo. Nikinyanyuka kuondoka ananisindikiza mpaka mlangoni, ananyoosha mkono, nami namrudishia daftari lake.